Mkao nao ni mazoezi: handaki la upepo limeshasema, sisi bado tunabishana kuhusu miguu

Tarehe 21 Septemba 2025 pale Kigali, kwenye ubingwa wa dunia wa baiskeli, Mbelgiji Remco Evenepoel alianza mbio za kupambana na saa, zile ambazo kila mtu anaendesha peke yake, dakika 2 na nusu baada ya Mslovenia Tadej Pogačar kuondoka, na kabla hawajazimaliza zile kilomita 40.6 akamkuta. Akamkuta kwenye kupanda, kwenye yale mawe ya Kimihurura, watu wamejaa pande zote wanapiga kelele, akampita akaenda zake. Wiki moja baadae, tarehe 28, hao hao wawili kwenye mbio za barabarani, zile za kuanza wote pamoja, Pogačar wa kwanza, Evenepoel wa pili. Sasa nimewasikia wengi huku kwetu wakilielezea jambo hili kwa neno moja tu, miguu, kwamba siku ile ya kwanza mmoja alikuwa na miguu na mwenzake hakuwa nayo, basi, mjadala umefungwa.

Mi nakataa. Sisemi miguu haikuwa na kazi, Kigali ni vilima juu ya vilima na kwenye kilima anayebeba mzigo ni mguu, lakini irudie ile video halafu macho uyaweke kwenye mgongo wa Evenepoel badala ya miguu yake. Kichwa kimezama katikati ya mabega, mikono imefungana mbele ya uso, mgongo umelala kama meza, na miguu inazunguka chini huku juu kote kumetulia. Mtu wa mita 1.71 akijikunja namna ile, upepo unakuwa na sehemu ndogo sana ya kumshika. Umbo dogo kazaliwa nalo, sawa, ila mkao ule hakuzaliwa nao, umetafutwa na kupimwa na kufanyiwa mazoezi kwa miaka. Ubingwa wa dunia wa mbio za saa kauchukua mara 3 mfululizo, 2023, 2024 na 2025, na katikati hapo akabeba dhahabu ya Olimpiki ya Paris.

Ninachotaka kusema leo ni hiki, mkao ni mazoezi kama mguu ulivyo mazoezi, na sehemu iliyothibitisha hilo bila ubishi ni handaki la upepo, chumba cha kupimia upepo unavyomkwamisha mwendeshaji, na sisi Afrika Mashariki bado tunafundisha vijana wetu kama vile hewa haipo.

Na ajabu ni kwamba hewa tunaijua vizuri tu. Mtu wa Shinyanga anaepakia gunia la mkaa kwenye Phoenix akaingia barabarani saa 9 mchana anajua upepo wa mbele ukoje, nahodha wa jahazi pale Lamu au Bagamoyo ana jina kabisa la kuuita, upepo wa mbisho, na anajua huwezi kushindana nao kifua wazi, lazima uupige kwa pembeni. Dereva wa bodaboda ya baiskeli kule Busia enzi zile alikuwa akiona lori linapita anajibana nyuma yake anavutwa kilomita nzima, jambo la hatari lakini fizikia yake ni sahihi kabisa. Kinachotupiga chenga ni ukubwa wa jambo lenyewe. Hewa ya mita moja kwa mita moja kwa mita moja, ukiwa usawa wa bahari, ina uzito wa karibu kilo 1.2. Hiyo ndo unaisukuma na kifua chako, mita baada ya mita, kila sekunde.

Ukiongeza spidi mara mbili ukinzani wa hewa unapanda mara nne, na pawa unayotakiwa kutoa inapanda mara nane. Mara nane! Wanaopima mambo haya wanampa kila mwendeshaji namba moja inayounganisha ukubwa wa eneo lake linalokutana na upepo na jinsi umbo lake linavyoupitisha, na namba hiyo inaandikwa kwa mita za mraba. Mtu mzuri tu aliyeshika usukani wa baiskeli ya mashindano kwa chini anaweza kuwa na 0.30. Akienda kilomita 20 kwa saa, hewa peke yake inamla kama wati 31, hata hahisi. Akifika kilomita 40 kwa saa inamla wati 247. Sasa mtu huyo huyo, miguu ile ile, mlaze mgongo mpaka namba yake ishuke 0.25, kwenye kilomita 40 hewa inamla wati 206, yani kaokoa wati 41 bila kuongeza jasho hata tone. Mshushe mpaka 0.20, ambayo ni namba ya watu wa mbio za saa waliokaa vizuri, anadaiwa wati 165 tu. Muulize kocha yeyote ni mazoezi ya muda gani yatampa kijana aliyekwisha kuwa fiti wati 80 za ziada, atakwambia pengine hatazipata maisha yake yote.

Na kubwa kuliko yote, katika huo ukinzani karibu robo tatu, na mara nyingi zaidi ya hapo, unatokana na mwili wa binadamu. Siyo fremu, siyo rimu. Huwa naumia nikimwona kijana kajinyima, kauza mpaka simu, kanunua fremu ya kaboni ya mtumba kutoka Ulaya na rimu nene, halafu anaingia barabarani na jezi inapepea kama bendera ya shule na viwiko vimetanuka nje kama mabawa. Kile alichokinunua kwa fremu kinamezwa na ile jezi kabla hata hajatoka mtaani kwao.

Handaki la upepo ni kitu gani hasa, maana watu wanalitaja tu. Ni chumba kirefu chenye feni kubwa upande mmoja, hewa inapitishwa kwanza kwenye wavu wenye matundu kama sega la nyuki ili isizunguke zunguke, itoke imenyooka. Katikati baiskeli inafungwa juu ya jukwaa, chini ya matairi kuna rola zinayazungusha kama uko barabarani, na chini ya jukwaa kuna mizani inayopima upepo unamsukuma mtu nyuma kwa nguvu kiasi gani. Mizani hiyo ni nyepesi kiasi kwamba ukigeuza kichwa kuangalia pembeni namba inaruka. Jukwaa linazungushwa pia, nyuzi 5, nyuzi 10, nyuzi 15, kwa sababu barabarani upepo ni mara chache sana unakuja sawasawa usoni. Mwendeshaji anapiga pedeli huku feni ikimpulizia spidi ya mashindano, tuseme kilomita 45 au 50 kwa saa, anakaa mkao mmoja bila kubadilika, wanachukua namba, wanasimama, wanashusha pedi za kuegemeza viwiko sentimita moja, wanaanza tena. Kingine, kingine, kingine. Kila baada ya muda wanarudi kwenye mkao wa kwanza kuhakikisha namba bado ni ile ile, maana kama mkao wa kwanza wenyewe umebadilika basi vipimo vyote vya katikati havina maana. Sehemu nyingi wanamwonyesha mwendeshaji kivuli chake sakafuni kwa projekta, na mstari umechorwa kukizunguka, ili akianza kutoka nje ya mstari ajione na arudi.

Kuna yale yanayofahamika kwa wapenzi wa mchezo huu, la Silverstone Uingereza, la chuo kikuu cha Southampton, na kampuni ya Specialized ilijenga la kwake kabisa Morgan Hill, California, kwa ajili ya baiskeli, na baiskeli aliyoendesha Evenepoel siku ile ya Kigali ni ya kwao. Bei ya saa moja tu kwenye handaki la kukodi ni mamia ya dola.

Halafu kuna kitu kimoja lazima nikiseme hapa hata kama kinatutoa njiani kidogo. Handaki la upepo na baiskeli ni ndugu wa zamani. Wilbur na Orville Wright, wale wa ndege, walikuwa mafundi na wauza baiskeli Dayton, Ohio. Mwaka 1901 vitabu vya hesabu za mabawa vilikuwa vinawadanganya, basi wakachukua gurudumu la baiskeli wakalilaza mbele ya usukani wa baiskeli nyingine, wakalibandika vibao viwili, kimoja bapa kimoja kimepinda, wakawa wanaendesha kwa kasi mtaani ili wapate upepo waone kibao gani kitashinda. Walipoona vitabu kweli vina makosa ndo wakajenga handaki lao dogo la mbao, futi 6 urefu, wakapima maumbo ya mabawa kama 200. Yani kabla ya handaki kulikuwa na barabara, na mtu anapiga pedeli kutafuta ukweli. Mi hii habari nikiifikiria inanipa moyo sana na nitairudia huko mbele.

Turudi kwenye mkao. Wengi wakiongelea aero, yani kuukwepa upepo, wanaanzia Paris, 23 Julai 1989, Greg LeMond yuko nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, imebaki hatua ya mwisho ya kilomita 24.5 kutoka Versailles, LeMond ana ule usukani wa watu wa triathloni wa kuegemeza viwiko mbele na helmeti yenye mkia, Fignon kichwa wazi na nywele zake kafunga nyuma, na mwisho wa siku LeMond anachukua Tour de France kwa sekunde 8. Ni hadithi nzuri na usukani ule hakika ulikuwa na kazi, ila Fignon siku hiyo alikuwa na kidonda cha siti kinamtesa, na LeMond alikuwa mtu hatari tu hata ukimpa baiskeli ya posta, kwahiyo ukitaka ushahidi safi wa mkao hapo siyo pa kwenda.

Pa kwenda ni kwenye rekodi ya saa moja, yani umbali mrefu zaidi mtu anaoweza kwenda peke yake kwa saa moja kwenye velodromu, uwanja wa baiskeli wa kuzunguka, na watu wawili, Graeme Obree na Chris Boardman.

Obree ni Mskoti, hakuwa na timu ya maana wala hela wala handaki. Akakaa chini akafikiri, kwanini mikono yangu iko nje kwenye upepo? Akaikunja chini ya kifua kabisa, viwiko vimebana mbavuni, mabega mbele juu ya usukani, kama mtu anaeteleza kwenye theluji. Ili mkao huo uwezekane ikabidi aunde baiskeli yake mwenyewe, hakuna bomba la juu ili magoti yasigonge, na pale pedeli zinapozunguka pawe pembamba zaidi ili miguu ikaribiane, na beringi akazitoa kwenye mashine ya kufulia nguo. Julai 1993 akaenda Hamar, Norway. Siku ya kwanza akashindwa, alitumia baiskeli mpya aliyotengenezewa. Mtu mwingine angepanda ndege akarudi nyumbani, yeye akasema kesho asubuhi narudi, usiku akanywa maji mengi makusudi ili aamke amke kwenda chooni na kila akiamka anyooshe misuli isikaze, asubuhi tarehe 17 akapanda ile baiskeli yake ya zamani ya kujiundia, akaenda kilomita 51.596 na kuvunja rekodi ya Francesco Moser iliyokaa tangu 1984.

Siku 6 tu baadae Boardman akaichukua kule Bordeaux, kilomita 52.270. Boardman ni upande mwingine kabisa, mtu wa vipimo, mwaka mmoja nyuma yake alishinda dhahabu ya Olimpiki Barcelona akiwa juu ya ile baiskeli ya Lotus nyeusi ya kaboni iliyopitishwa kwenye handaki. Obree akarudi Aprili 1994 akaweka 52.713. Mwaka huo huo kwenye mashindano ya dunia Palermo, wakubwa wa UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, wakaupiga marufuku mkao wake, wakamtoa. Unajua alichofanya? Akatafuta mwingine, safari hii mikono imenyooshwa mbele yote kama Superman anaepaa, na 1995 akawa bingwa wa dunia wa mbio za kukimbizana, wawili wanaanza pande tofauti za velodromu kila mmoja anamfukuza mwenzake, kule Bogotá.

Sasa sikiliza hapa vizuri maana ndo moyo wa makala hii. Septemba 1996, Manchester, Boardman, yule mtu wa handaki, akauchukua mkao wa Superman wa Obree akaenda kilomita 56.375 kwa saa moja. UCI wakaukataa nao. Mwaka 2000 wakasema rekodi inarudi kwenye baiskeli ya kawaida kama aliyotumia Mbelgiji Eddy Merckx kuweka rekodi yake 1972, usukani wa kupinda chini, spoku, hakuna helmeti yenye mkia, hakuna chochote. Boardman, kabla hajastaafu, Oktoba 2000 akapanda hiyo baiskeli ya kawaida pale pale Manchester, akatoa kila alichonacho, akapata kilomita 49.441. Amemzidi Merckx kwa mita 10.

56.375 toa 49.441. Karibu kilomita 7 kasoro kidogo, mtu yule yule, velodromu ile ile! Ndio, alikuwa na miaka 4 zaidi na afya yake haikuwa ile ya mwanzo, punguza hapo unavyotaka, na magurudumu nayo yapunguzie chake, bado kitakachobaki ni kikubwa mno na sehemu kubwa yake ni mahali mikono ilipokaa na mgongo ulivyolala. Hakuna jaribio la maabara litakalonionyesha thamani ya mkao kuliko hizo namba mbili. Na mkao wenyewe haukugunduliwa ndani ya handaki, uligunduliwa na mtu mwenye beringi za mashine ya kufulia, handaki lilikuja kupima tu na kueleza kwanini.

Hapo ndo ninapotofautiana na watu wa pande zote mbili. Kuna wanaosema handaki ni kila kitu, na kuna wanaosema ni michezo ya matajiri haituhusu. Handaki lina ukweli lakini ni nusu. Ndani ya handaki mtu anakaa mkao kwa dakika moja, mbili, hajachoka, hakuna shimo barabarani, hakuna upepo wa ghafla ukipita pengo kati ya nyumba. Unaweza kumshusha mpaka namba ikawa nzuri ajabu, halafu ukamtoa nje akaendesha dakika 40 ukakuta nyonga zimebanwa, goti linapanda mpaka kifuani, pumzi haiingii vizuri, pawa imeshuka wati 30, na baada ya robo saa shingo imechoka kichwa kimenyanyuka, na kichwa kikinyanyuka faida yote imeondoka. Mkao wenye kasi ni ule ambao mtu anaweza kuukaa huku anatoa nguvu mpaka mstari wa mwisho. Ndo maana nasema ni mazoezi. Shingo inafundishwa, nyonga zinafundishwa, mgongo unafundishwa, kidogo kidogo, kama unavyofundisha mapafu.

Na handaki lenyewe limewaumbua wengi waliodhani wanajua. Kushuka zaidi siyo lazima uende kasi zaidi, kuna watu ukiwainua pedi za mikono sentimita mbili wanapata namba nzuri kwa sababu kichwa kinapata nafasi ya kuzama. Kubana viwiko zaidi kuna mtu kunamsaidia, mwingine upepo unafungwa njia ya katikati unaenda kumpiga tumboni. Helmeti yenye mkia mrefu ni nzuri kama mkia unagusana na mgongo, ukiinama kuangalia chini mkia unasimama angani umekuwa breki. Ndo maana ukinunua helmeti kwa sababu bingwa fulani anaivaa, hujanunua kasi yake, umenunua kofia iliyopimwa na mgongo wake.

Mfano ninaoupenda ni wa mtu tunayemwita wetu, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985, akafundishwa kuendesha kwenye vumbi la Kikuyu na David Kinjah, na mwaka 2006 akavaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Melbourne. Tour ya 2016, hatua ya 8, alishuka mlima wa Peyresourde amekalia bomba la juu la fremu, kifua juu ya usukani, huku anapiga pedeli, akashinda hatua na kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza. Dunia nzima ikasema mkao ule ni wa kasi kuliko yote, na vijana kila mahali wakaanza kuuiga, hata kwenye miteremko yetu yenye mabasi. Profesa Bert Blocken, mtaalamu wa mambo ya upepo, na wenzake wakauweka kwenye kompyuta na handaki pamoja na mikao ya waendeshaji wengine, na wakakuta haukuwa na kasi kuliko yote, kuna mikao mingine iliyopo kwenye siti ambayo inaushinda na ni salama zaidi. Froome alishinda siku ile kwa ujasiri na kwa kuwashtukiza wenzake. Kuanzia Aprili 2021 UCI wakapiga marufuku kukalia bomba, na katika marufuku zao zote hii naiunga mkono kwa moyo wote.

Huyo huyo Blocken mwaka 2018 alitoa kazi iliyonifanya niangalie kundi la waendeshaji kwa macho mengine. Walitengeneza vinyago vya waendeshaji 121 vya robo ya ukubwa wa kweli, wakavipanga kama kundi ndani ya handaki kule Eindhoven, wakapima, na hesabu za kompyuta zikaenda sambamba. Aliyeko katikati na nyuma ya kundi anakutana na asilimia 5 mpaka 10 tu ya ukinzani ambao angekutana nao akiwa peke yake. Fikiria maana yake kwa kijana wetu anaekwenda mashindano ya nje kwa mara ya kwanza, anaogopa kubanana, anakaa pembeni kwenye upepo au mkiani kule kunakokatika katika, baada ya saa 3 miguu imekwisha na ripoti inayoletwa nyumbani ni kwamba hana nguvu. Hana nguvu wapi? Amezimwagia hewani.

Kuhusu sheria niseme kidogo tu. UCI kwa miaka mingi walitaka miili yote iingie kwenye kipimo kimoja, jambo la uonevu kwa warefu hasa, na tangu 2023 wamegawa kwa urefu, chini ya sentimita 180, mpaka 190, na zaidi ya hapo, kila kundi na umbali wake wa kunyoosha usukani wa mbio za saa, sentimita 80, 83 na 85. Filippo Ganna mwenye mita 1.93 ndo mwenye rekodi ya saa sasa (lile sharti la baiskeli ya kawaida lilishaondolewa), kilomita 56.792, aliyoiweka Grenchen, Uswisi, Oktoba 2022, na kabla yake ilishikwa na Dan Bigham, 55.548, Agosti mwaka huo huo. Bigham ni injinia. Januari 2017 yeye na wenzake watatu wasio na mshahara wa taifa, timu ya kujichangia, walichukua ubingwa wa Uingereza wa kukimbizana kwa timu, na kila aliyekuwa akiwatazama alijua wapo wenye mapafu makubwa kuliko wao. Walichofanya ni kuhesabu hewa kwa bidii kuliko wengine.

Kwahiyo kijana wa Mwanza au Eldoret au Huye afanyeje, handaki hana? Afanye walivyofanya wale wa Dayton, aende barabarani. Sisi kikundi chetu hapa Arusha tuna mteremko mmoja mpole nje kidogo ya mji, lami nzuri, mwisho wake panapanda kidogo. Tunaenda saa 12 asubuhi kabla upepo haujaamka na malori hayajaanza. Unaanzia kwenye mti ule ule, hupigi pedeli, unajiachia tu, na tunaweka kokoto pale baiskeli inapoishia. Mkao mmoja mara 3, mwingine mara 3, halafu unarudia ule wa kwanza, kama vile handakini. Tairi pampu zile zile, nguo zile zile, chupa ya maji isipungue. Ukifanya kwa pupa utapata majibu ya uongo, upepo kidogo tu wa nyuma unaharibu kila kitu. Mwenye pawa mita, kifaa cha kupima wati unazotoa, ana njia nzuri zaidi, aende na kurudi kipande kile kile kwa wati zile zile aangalie muda, lakini hata bila hicho kifaa kokoto zinaongea. Mara ya kwanza tulipofanya, mikono iliyonyooka ukishika chini ya usukani ilishindwa na mikono iliyokunjwa viwiko nyuzi 90 ukishika juu kwenye breki, na kuna mzee wetu mmoja aliyefundisha watu kushika chini miaka yote akaomba turudie, tukarudia, kokoto zikawa pale pale, akasema, "Basi wanangu, nimeona." Namheshimu sana kwa lile neno.

Vingine havihitaji hata mteremko. Jezi ibane mwili na zipu ifungwe, namba ya mashindano ibandikwe isipepee, na simu iwekwe mbele barabarani imrekodi kijana anavyokuja, aone kwa macho yake mwenyewe alivyo mpana. Kwa makocha ombi langu ni moja, dakika za mkao ziandikwe kwenye daftari la mazoezi kama mnavyoandika kilomita. Na kichwa kizame lakini macho yaone, barabara zetu hazina msamaha, huo mkao wa kuangalia tairi la mbele usimfundishe mtoto wa mtu kwenye njia yenye mabasi.

Tuna kijana mmoja wa miaka 19 tulieanza nae mwezi wa pili. Alikuwa anakaa mkao mzuri dakika 4, halafu kichwa kinainuka. Sasa hivi amefika dakika 17. Mbio anazozitaka ni za dakika 35 hivi. Jumamosi tunarudi kule kwenye mti, amesema anataka kujaribu kupandisha pedi kidogo, shingo inamuuma upande wa kushoto.